Elfu Sita za Bibi

9 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliweka mbele kabla sijakuuliza hali, kwa sababu nikianza na hali nitaishia hapo hapo, unanijua.

Hawala ya gawio uliyomtumia Bibi mwezi uliopita niliichukua posta mimi, kama kawaida. Lakini sikwenda nayo nyumbani moja kwa moja. Nilirudi shuleni, nikaingia maktaba, nikakaa nyuma ya rafu ya atlasi ambako hakuna anayekuja, nikahesabu. Magazeti ya mwezi ule yalikuwa mezani. Kampuni ya gesi ilitangaza gawio la ishirini kwa kila hisa, na chini yake, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba kodi ya zuio ni asilimia tano. Bibi ana hisa elfu tatu katika zile elfu sita zilizo kwa jina lako. Elfu sitini, toa elfu tatu za kodi. Alipaswa kupata elfu hamsini na saba. Nilikuwa na elfu hamsini na moja mkononi.

Nilihesabu mara nne, Baba Mdogo. Mara ya tano nikatumia karatasi.

Unajua jirani yetu, yule keshia mstaafu wa benki, naye ana hisa za gesi, na alikuwa ameshamwambia Bibi atarajie hamsini na saba. Nikaogopa. Nikachukua elfu sita kwenye pesa ulizonipa za kitabu cha kemia, nikazichanganya na zile nyingine. Bibi haoni vizuri tena, lakini noti anazijua kwa vidole. Alizipanga moja moja mapajani, akamaliza, akasema, "Mwanangu hajawahi kunidhulumu hata senti." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wangu.

Naomba uniambie elfu sita zilikwenda wapi. Si kwa ubaya. Nataka tu kujua kama nimekosea hesabu.

Ni mimi mwanao,
Profesa

*

27 Mei

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako imenifanya nicheke peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimeota kitu. Kwa hiyo siku hizi nyumbani kuna mkaguzi! Nilipokuita Profesa ulikuwa na miaka sita na ulikuwa unasoma maandishi ya gunia la mchele. Sikujua utakuja kunigeukia.

Mwanangu, makato ni makato. Kuna kodi, kuna dalali wa hisa, kuna benki, kuna posta. Kila mlango unaopita, mtu anakata kidogo. Gazeti linaandika kinachotoka kiwandani, haliandiki kinachofika nyumbani. Nilichopata nimekigawa nusu kwa nusu, kama nilivyomwahidi Bibi siku aliponipa pesa zake za kiinua mgongo tukanunue. Nusu yake, nusu yangu. Basi.

Hisa tunashikilia. Watu wanasema bei ya gesi itashuka, wao wanasema kila mwaka. Kampuni imechimba visima viwili vipya. Mwambie keshia wenu asimtie Bibi wasiwasi.

Elfu sita zako nitakurudishia mwisho wa mwezi ujao, kazi huku kwenye mabomba imekaa vibaya kidogo. Kitabu cha kemia azima kwa rafiki. Na jambo hili lisifike kwa Bibi, tumeelewana?

Baba Mdogo

*

11 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sina rafiki wa kuazima kitabu, lakini hilo si la leo.

Dalali hukata wakati wa kununua na kuuza, hakati kwenye gawio. Nimesoma. Posta inakata mia mbili. Benki inakata mia tano. Bado elfu tano na mia tatu haina mlango iliyopitia.

Jumapili keshia alikuja kukaa kibarazani na karatasi zake kwenye bahasha ya kaki, anazibeba kama vyeti vya ndoa. Mimi nilikuwa ndani, dirisha wazi. Akamwambia Bibi, "Bi Mkubwa, wewe na mimi ni matajiri wa gesi, tukikohoa tu mji unawaka."

Bibi akamwambia, "Kohoa mwenyewe. Mimi jina langu halimo kwenye karatasi yoyote."

"Limo la mwanao, si ni lako?"

"Miaka thelathini nimefua mashuka ya hospitali. Kila shuka lilikuwa na muhuri. Hata shuka, mzee, lilikuwa na muhuri wa mwenyewe."

"Uza basi, upate chako."

"Niuze? Wewe utauza?"

"Mimi nashikilia! Gesi haiozi."

Wakacheka. Halafu keshia akatoa stakabadhi yake ya gawio, akamsomea Bibi mstari kwa mstari. Asilimia tano, Baba Mdogo. Kama gazeti. Bibi akasema, "Na mimi nimepata sawasawa hivyo hivyo." Akalisema kwa fahari sana. Na si kweli. Ni mimi niliyeifanya iwe kweli, kwa pesa za kitabu.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, hata darasani najua jibu nanyamaza. Lakini kwenye karatasi naweza. Kama kuna shida, iseme. Kama umekula, sema umekula. Sitakuchukia. Ninachoshindwa ni kutojua.

Profesa

*

30 Juni

Nimekula.

Umefurahi? Nilikuwa na shida zangu, nikala elfu sita ya mama yangu mzazi. Sasa umejua, kaa nayo, usome vitabu vyako.

Baba Mdogo

*

14 Julai

Kwa mwanangu,

Barua hii anaandika mjukuu wangu, lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Amenisomea barua yako. Usimlaumu, nilimkuta analia jikoni nikamwambia asome, akasoma. Ni mistari minne. Nimemwambia airudie mara tatu, nikidhani kuna mahali ameruka.

Nakukumbusha. Kaka yako alivuka mpaka kutafuta maisha, ikarudi karatasi. Sikuona mwili, sikuona kaburi, nimeona karatasi yenye muhuri. Siku ile nilikushika mkono ukaniapia kwamba wewe hutavuka, utabaki hapa hapa, hata ukila mlo mmoja. Umetimiza, nakushukuru. Lakini sikujua nimebaki na wa kunidokolea. Wewe ungeniomba elfu sita ningekunyima lini? Ungeniomba zote hamsini na saba ningekupa na nauli juu. Kilichoniuma si pesa. Kilichoniuma ni kwamba mtoto huyu alijazia kwa pesa zake za shule ili mimi nisijue, na wewe ukamwambia anyamaze.

Nataka uuze hisa. Zote. Unitumie nusu yangu, nusu yako kaa nayo. Keshia anasema nisubiri mpaka wafunge daftari la wanahisa mwezi wa tisa, kuna gawio jingine dogo linakuja. Sitaki kusubiri. Sitaki tena gawio linalopita mikononi mwako.

Mama yako

(Baba Mdogo, mimi ndiye niliyeamua kusoma. Ningeweza kumdanganya, nilikuwa na hasira. Hiki nimekiongeza bila ruhusa yake. Profesa.)

*

9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimepokea barua yako.

Hisa zimeuzwa tarehe pili, zote elfu sita. Bei imeshuka, kisima kimoja kati ya vile vipya kimetoa maji badala ya gesi, na kila mtu alikuwa anauza wiki hiyo. Dalali alinisihi nisubiri angalau mwezi mmoja, ili nipate gawio la daftari la mwezi wa tisa. Nilimwambia auze.

Nusu yako iko kwenye hawala hii, na nimeambatanisha karatasi ya dalali ili Profesa aihakiki. Nimeongeza elfu sita. Usihesabu kama zawadi.

Mama, sina la kujitetea. Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia sawa.

Mwanao

*

3 Septemba

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Jana ilikuja nyumbani bahasha kutoka kwa ofisi ya daftari la wanahisa. Imeandikwa jina lako kwa sanduku la posta la Bibi. Niliifungua. Najua si tabia nzuri.

Ni cheti cha kodi ya gawio la mwezi wa nne. Hisa elfu sita, gawio laki moja na elfu ishirini, kodi ya zuio asilimia kumi na tano, elfu kumi na nane. Kimebaki laki moja na elfu mbili. Nusu yake ni elfu hamsini na moja.

Elfu hamsini na moja, Baba Mdogo. Ulituma kila ulichopata, na ada ya posta ukalipa mfukoni mwako.

Nilikaa na cheti kile mpaka nikaona mstari wa juu, niliouruka kwa sababu nilikuwa natafuta tarakimu. Umeandikwa: "Mwanahisa asiye mkaazi." Nikaenda maktaba. Wakaao nchini hukatwa tano. Wakaao nje hukatwa kumi na tano.

Kwa nini uliandika umekula? Kwa nini ulikubali uitwe mwizi wakati ungeweza kunitumia karatasi moja tu? Bibi hakutaji tena. Keshia akiuliza habari zako, anamwambia, "Mwanangu yupo," basi, kama mtu anayejibu swali la mwenye nyumba.

Na stempu zako zote ni za hapa nchini. Uko wapi?

Nisamehe. Nilikuomba jibu, ukanipa, nikalipeleka kwa Bibi kama nimeshinda mtihani.

Profesa

*

28 Septemba

Mwanangu,

Barua hii ichome ukishaisoma. Najua hutaichoma, lakini angalau isome ukiwa peke yako.

Niko ng'ambo. Nilivuka mwaka jana mwezi wa saba. Upande ule ule aliovuka baba yako.

Unakumbuka kampuni ya gesi ilipopunguza wafanyakazi? Sikuwaambia kwamba nami nilikuwamo. Tulikuwa mia mbili na kumi, wachomeleaji wote wa bomba, tuliitwa kwenye bwalo asubuhi, tukasomewa majina, saa nne tulikuwa nje ya geti na viatu vyetu vya kazi mikononi, kwa sababu ovaroli tuliambiwa ni mali yao. Mwaka mmoja baadaye kampuni ikatangaza gawio kubwa kuliko miaka yote. Ulilisoma gazetini, hukujua unasoma nini. Gharama za mishahara zimepungua, faida imepanda, wanahisa wafurahi. Na mimi ni mwanahisa. Nimepokea gawio la mshahara wangu mwenyewe, Profesa, na likakatwa kodi.

Nilitafuta kazi miezi mitatu. Nikimaliza kununua chakula sina cha kumtumia Bibi. Huku wanalaza bomba jipya, wanahitaji wachomeleaji. Nikavuka. Barua zangu anazibeba dereva mmoja wa lori, anazitia posta upande wenu, na zenu anazichukua kwenye sanduku lake. Hawala pia anatuma yeye. Ni mtu mzuri, ana mdomo mkubwa lakini kwa mambo yake mwenyewe tu.

Kwa dalali kuna fomu ya kila mwaka. Inauliza unaishi wapi. Mkono wangu ulisimama pale muda mrefu. Nikaandika ukweli. Usinicheke. Fomu ya serikali nilishindwa kuidanganya, mama yangu niliweza. Nikasahau kubadili sanduku la posta, ndiyo maana cheti kimekuja kwenu.

Ningeweza kujazia ile elfu sita. Mwezi ule mkandarasi alikuwa hajatulipa kwa wiki tisa, na nikasema, nani atahesabu? Kumbe.

Ulipouliza mara ya pili nikaona njia ni mbili. Nieleze asilimia kumi na tano, na Bibi ajue niko wapi. Au niseme nimekula. Bibi anaweza kuishi na mwana mwizi. Atanisema, atanifokea, siku moja atanipikia. Lakini akijua nimevuka, kila asubuhi atangoja karatasi. Wewe ulikuwa mdogo, hukumwona mwaka ule. Alikuwa anakwenda getini akisikia baiskeli yoyote, kama ile iliyoleta karatasi.

Heri aniite mwizi. Nakuomba, usimwambie. Mkataba unaisha mwaka kesho kutwa, nitarudi, nitaomba msamaha wa elfu sita, mambo yataisha.

Nimekuandikia chini anwani yangu ya kweli, ya kambi. Ni yako tu. Kama nikipatwa na jambo, mtu mmoja ajue.

Baba Mdogo

*

20 Oktoba

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimemwambia.

Nilikaa na barua yako siku kumi na moja. Niliibeba ndani ya daftari la jiografia. Nilitaka kukutii. Kisha Jumamosi keshia alikuja kumpa Bibi habari kwamba hisa zimepanda tena, wamepata gesi kwenye kile kisima kingine, na kwamba yeye amepata gawio dogo la mwezi wa tisa. Akasema kwa kutania, "Mwizi wako amekufilisi mara mbili, Bi Mkubwa." Bibi akacheka. Alicheka, Baba Mdogo, kicheko cha kukubali. Akasema, "Ndiyo, nilizaa wawili, mmoja mpaka ulimla, mwingine akanila mimi."

Nikatoka ndani. Sijui nilivyotoka. Nikasema, mbele ya keshia, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata darasani, "Baba Mdogo si mwizi." Keshia akaniangalia kama kiti kimesema. Nikaleta cheti. Nikamwomba keshia akisome yeye, ili Bibi asidhani nimeruka mahali. Akasoma. Alipofika "asiye mkaazi" akanirudishia cheti, maana yeye alikuwa benki, anaelewa. Akakunja karatasi zake, akaaga, hakumaliza hata maji yake.

Bibi akaniuliza, "Maana yake nini?"

Nikamsomea barua yako yote. Ile sehemu ya bwalo, ile ya fomu, ile ya baiskeli. Nilisimama kwenye baiskeli, akasema, "Soma." Nikasoma mpaka mwisho.

Nilifikiri atalia. Nilifikiri pia, nakiri, kwamba atafurahi, kwamba atasema kumbe mwanangu ni mwaminifu. Nilikuwa nimejipangia hivyo kichwani siku zote kumi na moja.

Alikaa. Jua likahama kutoka miguuni mwake likaenda ukutani. Kisha akauliza, "Upande ule ule?"

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

"Tangu mwaka jana mwezi wa saba."

"Ndiyo."

"Mwezi wa saba mwaka jana nilimwombea dua ya shukrani kwa kuwa yuko karibu." Akashika ukingo wa kiti. "Mwizi ningemsamehe. Mwezi huu huu ningemsamehe, nilikuwa natafuta tu pa kuanzia. Mwizi anarudi."

Nikamwambia utarudi, mkataba unaisha mwaka kesho kutwa. Akasema, "Baba yako pia alikuwa na mkataba."

Ulikuwa sahihi, Baba Mdogo. Ulimjua kuliko mimi na hesabu zangu zote. Nimekuondolea jina la mwizi na sioni nani amefaidika. Juzi dobi alipita na baiskeli, kengele ikalia, Bibi akasimama. Mguu wake mbaya ule, akasimama, akafika mpaka getini. Nilimrudisha kwa mkono.

Lakini siwezi kusema najuta kabisa. Ningenyamaza, ungekuwa mwizi katika nyumba hii kwa miaka miwili, na mimi ningekuwa nakaa mezani na Bibi nikila chakula kilichonunuliwa na mtu anayeitwa mwizi. Sijui lipi ni baya zaidi. Vitabu havikunisaidia, nimetafuta.

Pesa za mauzo ya hisa bado ziko chini ya godoro lake; ukiondoa zile elfu sita, hajazigusa. Amesema hataki kusikia habari ya gesi ndani ya nyumba. Jana nilimwambia kwamba leo nitakuandikia. Akasema, "Andika. Jina langu chini usilitie." Sikulitia. Hakutuma salamu, na mimi sitakutungia.

Leo nimetoka shuleni baada ya kipindi cha mwisho, nimekuja posta. Sanduku la dereva sikulitumia. Nimenunua stempu ya nchi za nje, bei yake ni mara nne ya ile ya siku zote, nimelipa na zile elfu sita ulizorudisha, Bibi alinipa ninunue kitabu. Karani ameniuliza, watu wakiwa nyuma yangu kwenye foleni, "Una nani huko?" Nikamwambia ni baba yangu mdogo, ni mchomeleaji wa mabomba. Akaniambia nisogee nimalize kuandika pembeni. Nimeandika anwani ya kambi juu ya bahasha kwa herufi kubwa, na nyuma nimeandika jina langu na sanduku letu, ili kama kuna jambo wajue pa kuleta. Naifunga sasa.

Mwanao

(Kambi hiyo ina simu? Niandikie namba.)